Renjifainda ya Pili: Ya Mkanda au ya Dijitali?

Mtu mwenye renjifainda moja ya dijitali, tuseme Leica M10, pamoja na lenzi mbili, ya milimita 35 na ya milimita 50, hakawii kuanza kuiwazia bodi ya pili, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: mkanda wa filamu una rangi nzuri zaidi, dijitali inaonyesha mengi zaidi, mkanda una roho, dijitali ina kasi. Nimeyafuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naona yanamchelewesha mnunuzi. Ubora wa picha hauamui kitu hapa, kwa sababu mkanda mzuri na kihisi kizuri, yaani kipande kinachopokea picha ndani ya kamera ya dijitali, vyote vinatosha na kubaki kwa picha tunazopiga wengi wetu. Kinachoamua ni kazi utakayoipa bodi hiyo ya pili, na mambo yanayoifuata picha baada ya kubonyeza: nani ataisafisha, kwa maji gani, itakuwa tayari lini, na kamera ikigoma nani ataifungua.

Kwa ambaye hajawahi kuishika, renjifainda ni kamera isiyokuonyesha kile lenzi inachokiona. Unatazama kupitia dirisha dogo lililo juu, pembeni mwa lenzi. Katikati ya dirisha hilo kuna kiraka cheupe ambamo kitu unachokipiga kinaonekana mara mbili, kwa sababu kamera inakitazama kwa madirisha mawili yaliyoachana. Ukizungusha pete ya lenzi, taswira hizo mbili zinasogeleana. Zikilaliana sawasawa, fokasi imekaa. Kwenye Leica M za leo madirisha hayo yameachana kwa milimita 69.25, na kazi yote inafanywa na chuma kwa chuma: ukingo ulio nyuma ya lenzi unasukuma mkono mdogo wenye gurudumu ndani ya bodi. Mdomo wa kufungia lenzi umebaki ule ule tangu M3 ya mwaka 1954, ndiyo maana lenzi ya enzi hizo inaingia kwenye M11 ya mwaka 2022.

Basi mwenye lenzi za M ana bahati ya kuchagua. Lenzi zile zile zitavaa bodi ya mkanda na ya dijitali, vidole vitajua pa kugusa, na jicho litasoma dirishani mistari ile ile ya fremu inayoonyesha mipaka ya picha. Lakini masoko ya pande hizi mbili hayafanani hata kidogo, na hilo linafaa kujulikana kabla ya jingine lolote.

Upande wa mkanda mlango ni mpana. Zipo Leica zenyewe, kuanzia M3, M2 na M4 hadi M6 iliyotoka mwaka 1984 na kurudishwa kiwandani mwaka 2022. Zipo Bessa za mdomo wa M za Cosina wa Japani, Zeiss Ikon iliyotengenezwa na Cosina huyo huyo, Konica Hexar RF ya mwaka 1999, na Minolta CLE ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambayo ni ndogo kiasi cha kuingia mfuko wa koti. Tahadhari moja hapa: Zorki na FED za Umoja wa Kisovieti wa zamani, pamoja na Canon P, zinatumia lenzi za kukazwa kwa nyuzi za skrubu. Lenzi za skrubu zinaingia kwenye bodi ya M kwa adapta, lakini lenzi za M haziingii kwenye bodi ya skrubu. Mwenye lenzi za M akinunua Zorki kwa sababu ni rahisi, atalazimika kuanza kununua lenzi upya.

Upande wa dijitali mlango ni mmoja na kidirisha. Epson R-D1 ndiyo iliyotangulia, mwaka 2004, ikiwa na megapikseli 6. Leica ikafuata na M8 mwaka 2006, kisha M9 mwaka 2009, ya kwanza kuwa na kihisi cha ukubwa kamili wa fremu ya mkanda. Ikaja M Typ 240, M10 mwaka 2017, M11 mwaka 2022. Nje ya ukoo huo, anayetengeneza leo ni Pixii wa Ufaransa. Bei zinafuata hali hiyo: M11 ilizinduliwa Marekani kwa dola 8,995, wakati M6 mpya iliyotoka mwaka huo huo ilianza na dola 5,295. Bessa iliyotumika inapatikana kwa sehemu ndogo ya fedha hizo.

Bodi ya pili itafanya kazi gani?

Watu husema "kamera ya pili" wakimaanisha mambo matatu tofauti, na jibu linageuka kulingana na jambo lenyewe.

La kwanza ni akiba. Unapiga harusi au mkutano kwa malipo, na bodi ya kwanza ikizima katikati ya shughuli huwezi kumwambia bi harusi asubiri. Hapa sioni mjadala: akiba iwe ya dijitali. Ukumbini saa nne usiku M10 inafanya kazi kwenye ISO 6400 bila kulalamika (ISO ni kipimo cha wepesi wa kupokea mwanga). Mkanda wa ISO 400, hata ukisukumwa hadi 1600 kwa kusafishwa muda mrefu zaidi, uko nyuma kwa stopu mbili, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Zaidi ya hapo mteja anataka picha kwenye simu yake kesho asubuhi. Typ 240 iliyotumika inatosha kabisa kwa akiba. Kumbuka tu kwamba betri za Typ 240, M10 na M11 ni tofauti zote tatu, hivyo ukichanganya vizazi unabeba chaja mbili.

La pili ni kubeba lenzi mbili shingoni bila kuzibadilisha: 35 kwenye bodi moja, 50 au 90 kwenye nyingine. Wengi hudhani bodi ya mkanda na ya dijitali zinaweza kugawana kazi hii. Kwa picha za rangi, zinagombana. Dijitali unaibadilishia ISO kila unapoingia na kutoka kivulini. Mkanda ukishaupakia umefungwa na ISO moja kwa picha 36. Rangi za mkanda nazo hazilingani na za kihisi, na kuzilazimisha zilingane kwenye kompyuta ni kuua sababu ya kutumia mkanda. Jozi inayoelewana ni ya dijitali kwa rangi na mkanda kwa nyeusi na nyeupe. Hapo kila bodi ina kazi yake, na hakuna atakayeziweka picha zake ubavuni kwa ubavu akiuliza kwa nini ngozi ya mtu mmoja ina rangi mbili.

La tatu ni kutaka namna nyingine ya kupiga picha: kwenda polepole, kutotazama skrini, kubaki na kitu unachoweza kukishika mkononi. Hili ni hitaji halali na halihitaji kuombewa radhi, na bodi ya mkanda ndiyo inayolitimiza vizuri. Leica ilijaribu kulijibu kwa dijitali isiyo na skrini, M10-D ya mwaka 2018. Ni kamera nzuri, lakini anayeinunua analipa bei ya dijitali ili akose kilichomfanya alipe bei hiyo, na siipendekezi kwa mtu ambaye tayari ana M10 yenye skrini anayoweza kuizima.

Jua la saa sita

Ushauri mwingi kuhusu kamera hizi umeandikwa na watu wa nchi za mawingu. Kwetu jua linabadilisha hesabu.

Kanuni ya zamani inasema kwamba kwenye jua kali unaweka tundu la lenzi f/16 (namba ikipungua, tundu linapanuka), kisha kasi ya shata, yaani pazia linalofunguka kupitisha mwanga, unailinganisha na ISO. Mkanda wa ISO 400 kwa hiyo unataka 1/500 ya sekunde kwa f/16. Shata ya M6 inaishia 1/1000, maana yake hata ukiipeleka mwisho unapata f/11 tu. Sasa fikiria umenunua lenzi ya f/2 ili uso wa mtu ubaki mkali na vitu vya nyuma yake viyeyuke. Kutoka f/11 hadi f/2 ni stopu tano, yaani mwanga mara 32 ya unaotakiwa. Mkanda wa negativu unavumilia kuzidishiwa stopu mbili au tatu; tano ni nyingi mno. M10 kwenye ISO 200 na 1/4000 inakufikisha karibu na f/4. M11, yenye ISO 64 na shata ya kielektroniki inayofika 1/16000, inaiachia lenzi yoyote ifunguke mpaka mwisho.

Tofauti hii haimaanishi mkanda haufai pwani. Inamaanisha mchana utaupigia f/8 na f/11, mtaa wote ukiwa mkali mbele na nyuma, na hiyo kwa kweli ndiyo namna renjifainda zinavyofanya kazi vizuri zaidi. Usitegemee kuziba vivuli vya mchana kwa flashi pia: M6 inaafikiana na flashi kwa 1/50 kushuka chini, kasi ambayo jua letu haliruhusu. Anayetaka kufungua tundu juani anunue mkanda wa ISO 100 au kichujio cha kupunguza mwanga. Kichujio hapa kina raha ya pekee, kwa sababu hutazami kupitia lenzi. Unaweza kufunga kioo cheusi tii mbele yake na dirishani ukaendelea kuona kama kawaida.

Tena, si kila bodi ya mkanda inaishia 1/1000. Bessa na Zeiss Ikon zinafika 1/2000, Hexar RF inafika 1/4000. Zote hizo zina shata za chuma, na hapo ndipo kwenye jambo ambalo wauzaji hawalitaji. Shata ya Leica M ya mkanda ni pazia la kitambaa chenye mpira. Kwa kuwa kamera haina kioo cha ndani kinacholikinga, lenzi iliyofunguka ikielekezwa juani kwa muda inakusanya miale kwenye pazia hilo na kulitoboa. Tundu la ukubwa wa ncha ya sindano linatosha kuacha doa la mwanga kwenye kila picha, na dawa yake ni kubadilisha pazia. Ukiwa na M2, M3 au M6, lenzi ikiwa haitumiki ivalishe kifuniko au ifunge mpaka f/16, na kamera ikining'inia kifuani hakikisha inaangalia chini. M za dijitali zina shata za visahani vya chuma, hofu hiyo haipo.

Kuna mtego mwingine unaomnasa anayebeba bodi zote mbili. Kihisi kinachukia mwanga uliozidi: sehemu nyeupe ikishaungua hakuna programu inayoirudisha, ila kivulini unaweza kuchimba na ukapata mengi. Mkanda wa negativu ni kinyume chake: unapokea mwanga wa ziada vizuri, lakini kivuli ambacho hakikupata mwanga kinabaki kitupu. Mchukue mzee mwenye ngozi nyeusi, amevaa kanzu nyeupe na kofia, amesimama nje ya msikiti saa saba mchana. Kwa M10 unapima kanzu ili isiungue, kisha unainua uso wake kwenye kompyuta. Kwa M6 unasogea, unapima uso ulio chini ya kivuli cha kofia, unaiacha kanzu izidi, na mkanda utaibeba. Kipima mwanga cha M6 kinasoma doa jeupe lililochorwa katikati ya pazia la shata, hivyo unapaswa kukijazia uso huo kwanza, ndipo urudi nyuma na kupanga picha. Mikono inayohama kutoka bodi moja kwenda nyingine siku hiyo hiyo huchanganya kanuni hizi mbili, na hasara yake huwa kubwa zaidi upande wa mkanda kwa sababu utaigundua baadaye. Ndiyo maana nashauri siku za mwanzo utoke na bodi moja tu.

Fokasi na lenzi

Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.4, kitu kikiwa mita moja mbele, inaacha eneo kali la sentimita tatu hivi kwa vipimo vya kawaida. Ukikuza picha kwenye skrini hadi pikseli zionekane, eneo unalolikubali kuwa kali linapungua hadi kama sentimita moja. Kwa sababu hiyo dijitali haina huruma na renjifainda iliyohama kidogo, wakati mkanda unaificha kasoro hiyo: una unene wake, haulali bapa kabisa, na wachache wanaukuza kiasi hicho.

Matokeo yake ni faida ambayo wengi hawaitumii. Bodi yako ya dijitali ni kipimo cha vifaa vyako vyote. Weka rula mezani kwa pembe, lenga alama moja kwa tundu lililo wazi, piga, kuza. Lenzi ikionekana sawa kwenye M10, kisha kwenye bodi ya mkanda picha zikatoka na fokasi nyuma ya ulipolenga, mwenye kosa ni bodi ya mkanda wala si lenzi. Fundi ukimpelekea taarifa hiyo anaanza kazi akiwa nusu njia. Kwa haraka zaidi, elekeza kamera kwenye mnara wa simu ulio mbali, pete ya lenzi ikiwa mwisho kabisa: taswira mbili zisipolaliana, renjifainda imehama.

Usahihi huo pia unatokana na umbali kati ya madirisha ukizidishwa na ukuzaji wa dirisha la kutazamia. Leica yenye ukuzaji wa 0.72 inapata takriban milimita 50. Bessa R2A, ambayo madirisha yake yameachana milimita 37 tu, inapata kama 26. Kwa lenzi ya 28 au 35 hutaona tofauti. Kwa 50 ya f/1.4 au kwa 90, Bessa hiyo inakuacha ukibahatisha, na hapo ni heri Zeiss Ikon au Leica.

Kwa lenzi pana sana, mkanda unashinda. Lenzi za zamani za milimita 15 au 21 zinakaribia sana mahali pa kupokelea picha, na miale inafika pembeni ikiwa imelala. Mkanda unaipokea miale hiyo bila shida. Kihisi kina vijicho vinavyotaka mwanga uje wima, kwa hiyo pembe za picha hugeuka zambarau au hufifia. Mwenye lenzi pana ya zamani anayoipenda ana sababu ya maana ya kutafuta bodi ya mkanda.

Nani atasafisha?

Miaka ya 1990 studio za miji yetu zilikuwa na mashine za kusafisha mikanda ya rangi ukingoja. Nyingi zimebaki na printa za dijitali. Kabla ya kununua bodi ya mkanda, tafuta kwanza mahali pa kusafishia. Pasipokuwepo karibu, jiulize kama uko tayari kusafisha mwenyewe.

Kusafisha nyeusi na nyeupe nyumbani kunawezekana kabisa. Hakuhitaji chumba cha giza, kwani giza linatakiwa kwa dakika chache tu za kuuingiza mkanda kwenye tangi, na mfuko mweusi wa kubadilishia unatosha. Adui ni joto la maji. Majedwali ya watengenezaji yamejengwa juu ya nyuzi 20. Nairobi, Arusha au Iringa maji ya asubuhi hukaribia kiwango hicho. Dar es Salaam na Mombasa maji yakitoka kwenye simtanki lililoanikwa juani juu ya paa yanaweza kupita nyuzi 30, na kwa joto hilo dawa inafanya kazi upesi mno: ukishuka chini ya dakika tano, mkanda unaanza kutoka na mabaka.

Nisingepigania nyuzi 20 pwani. Chagua nyuzi 24 na uzishike hizo kila mara. Ilford HP5 Plus, mkanda wa nyeusi na nyeupe, kwa dawa ya ID-11 iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji inataka dakika 13 kwa nyuzi 20. Kwa nyuzi 24 inataka kama dakika 9, muda unaotosha dawa ienee sawa. Chukua beseni, weka maji na barafu, simamisha chupa za dawa ndani yake mpaka kipimajoto kisome 24. Barafu isiingie kwenye dawa yenyewe, itaipunguza nguvu. Maji ya kusuuzia nayo yawe karibu na joto hilo hilo, kwani ngozi ya mkanda iliyotoka kwenye dawa baridi ikakutana ghafla na maji ya moto inaweza kukunjamana. Mikanda ya rangi ina mahitaji yake: dawa ya C-41 hutumika kwa nyuzi 38 kwa dakika tatu na robo. Kwa watu wa baridi kuyapandisha maji hadi hapo ni kazi. Kwa mtu wa Tanga ni kama nusu ya safari imekwisha. Dawa za rangi lakini ni ghali zaidi na hazikai muda mrefu, kwa hiyo ninazipendekeza kwa anayekusanya mikanda kadhaa na kuisafisha pamoja.

Mkanda ambao haujapigwa ukae kwenye friji, utolewe saa chache kabla ya kufunguliwa ili usilowe jasho la baridi. Ukishapigwa usafishwe mapema, kwa sababu picha iliyolala ndani yake hufifia kwa joto. Na msafiri ajue kwamba Kodak na Ilford wote wameonya kuhusu skana mpya za CT za viwanja vya ndege. Omba mikanda ikaguliwe kwa mkono, ikiwa kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha. Eksirei za uwanjani ni kati ya sababu zilizomfanya mpiga picha wa Brazil, Sebastião Salgado, ahamie dijitali mwaka 2008, yeye aliyepiga kwa mkanda mweusi na mweupe kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya Benako, Ngara, mwaka 1994. Hata baada ya kuhama, mafaili yake yaligeuzwa kuwa negativu ili picha zichapwe kwenye karatasi za chumba cha giza.

Mfano wake unanipeleka kwenye umri wa picha. Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi, aliuawa akiwa kazini kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Hazina ya picha zake ilikaa gerejini Nairobi kwa miongo kadhaa, na ilipopatikana ikawa bado inasomeka. Diski iliyoachwa gerejini kwa muda huo sitegemei ingewaka. Anayepiga familia yake, mtaa wake, wazee wake, hili alitie uzito kwenye mizani.

Fedha, na miaka ya mbele

Tuchukulie mkanda mmoja, kuusafisha na kuuskani kunagharimu dola 25, na bodi ya dijitali imeizidi ya mkanda kwa dola 3,000. Mwenye kupiga mikanda minne kwa mwezi anatumia dola 1,200 kwa mwaka, na baada ya miaka miwili na nusu unafuu wake umekwisha. Mwenye kupiga mkanda mmoja kwa mwezi anatumia dola 300, na itamchukua miaka kumi kufika hapo. Ukinunua rola kubwa la mita 30.5 la nyeusi na nyeupe unapata takriban mikanda 18, na ukisafisha mwenyewe hesabu inashuka zaidi.

Miaka kumi ni mingi kwa kamera ya dijitali. M9 ni somo lililo wazi: kioo kinachofunika kihisi chake kilipatwa na kutu, Leica ikawa inabadilisha vihisi hivyo, kisha vihisi vya kubadilishia vikaisha. M9 yenye kihisi cha zamani leo ni bahati nasibu, hata iuzwe rahisi namna gani. M3 ya mwaka 1954 haina umeme ndani yake, na fundi mwenye ujuzi wa saa na kamera za zamani anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kazini. M6 betri ikifa inapoteza kipima mwanga tu, shata inaendelea. M7 inategemea umeme, na bila betri inabaki na kasi mbili, 1/60 na 1/125. Kwa mtu anayeishi mbali na fundi, nafikiri kamera isiyotegemea umeme ina thamani kuliko yenye kipima mwanga cha kisasa. Kipima mwanga unacho tayari kwenye simu.

Kwa hiyo mwenye M10 anayepiga kwa malipo: Typ 240 au M10 nyingine. Mwenye M10 anayepiga kwa ajili ya nafsi yake, akiwa na beseni, kipimajoto na subira: bodi ya mkanda isiyotegemea betri, HP5 ndani, rangi aiachie dijitali. Anayeishi pwani na kupenda tundu wazi mchana achukue Hexar RF kabla ya M6. Na yule aliyeanza na mkanda, ana M2 na negativu zake, sasa anataka ya pili? Huyo achukue dijitali hata kama kazi za malipo hana, kwa sababu atapata bodi ya usiku na kipimo cha lenzi zake kwa mkupuo mmoja, na Typ 240 itamtosha.

Ukienda kukagua bodi ya mkanda iliyotumika, fungua mgongo wake, mulika pazia la shata kwa tochi upande wa lenzi ukiwa gizani na utafute nukta za mwanga. Piga kwa kasi ya sekunde moja, kisha ya nusu sekunde, na usikilize. Zikisuasua, inahitaji fundi. Tazama lenzi kwa tochi pia, maana unyevu wa pwani hulea kuvu ndani ya vioo. Kwa bodi ya dijitali, mwombe muuzaji apige ukuta mweupe au anga kwa f/16, akutumie faili halisi. Vumbi litaonekana kama madoa meusi, nalo linapulizwa likatoka. Kwenye M9 kutu ya kioo huonekana kama duara lenye ukingo mwepesi, na hiyo haisafishwi. Muuzaji akisita kutuma faili hilo likiwa halijaguswa, tafuta mwingine.